Tumaini la Kweli kwa Mwenye Shinikizo la Damu

Mara nyingi mtu huenda zahanati kutafuta dawa ya mafua, akarudi nyumbani na habari asiyoitarajia: shinikizo lake la damu liko juu. Kwa kuwa hakuhisi maumivu yoyote, huenda akakataa kuamini, au akakata tamaa. Yote mawili ni hatari, kwani shinikizo lisilodhibitiwa huweza kuleta kiharusi, au kudhuru moyo na figo, pasipo kupiga hodi.

Tunapohimiza moyo wa matumaini hatuna maana ya kujidanganya kwamba ugonjwa haupo. Tuna maana ya kuyaacha yasiyo mikononi mwetu, kama vile umri na urithi wa ukoo, na kuyashika tunayoyaweza.

La kwanza ni kupata uhakika. Kabla ya kupimwa tena, usinywe kahawa wala kuvuta sigara kwa nusu saa. Kisha keti kimya dakika 5, mgongo ukiegemea kiti na nyayo zikiwa sakafuni. Kwa mtu mzima, shinikizo huhesabiwa kuwa la juu pale namba ya juu inapofika 140 au zaidi, ama ya chini 90 au zaidi, katika vipimo vya siku tofauti.

La pili ni mwenendo wa nyumbani. Chumvi ya siku nzima isizidi gramu 5, yaani kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyomo katika mkate na viungo vya pakiti. Kutembea kwa haraka dakika 30, siku 5 za wiki, nako husaidia.

La tatu ni dawa. Aliyeandikiwa azinywe hata siku ajisikiapo mzima. Zikimletea kizunguzungu au kikohozi, arudi kwa aliyemwandikia, asiziache kwa shauri lake mwenyewe.

Hapa tunatoa onyo, kwa kuwa aliyevunjika moyo ni mnunuzi rahisi kushawishiwa. Muuzaji akikuahidi kuponya shinikizo la damu moja kwa moja kwa siku chache, na kukutaka uache dawa za hospitali, usimpe fedha zako. Nunua katika duka la dawa lenye kibali, uulize iwapo dawa imesajiliwa, usome tarehe ya mwisho wa matumizi, na udai risiti.

Maumivu ya kifua, kulegea ghafla kwa upande mmoja wa mwili, au kushindwa kusema havingojei kesho: nenda hospitali mara moja.

Kwa walio wengi shinikizo la damu haliponi kabisa, lakini hudhibitika. Weka daftari, uandike tarehe na kipimo cha kila mara, ulichukue uendapo kliniki. Namba zikishuka mwezi hata mwezi, utakuwa na sababu ya kweli ya kutumaini. Na zisiposhuka, mganga atajua mapema la kubadilisha.