Meno ya Ponti na Uongo wa Kompteri

Katika nyumba nyingi za Kazimia, Baraka na Misisi yuko mtu anayekula kwa motokari: baba ni shofere, kaka ni konvwayeri, mama anapakiza samaki, au kijana anajifunza kazi garajini. Kwa hiyo mwezi huu tuzungumze jambo ambalo mafundi wanalijua nusu na wenye gari hawalijui kabisa. Ukibadili meno ya ponti, kompteri inaanza kusema uongo, na kompyuta ya gari inauamini ule uongo.

Ndani ya ponti, lile tumbo la chuma katikati ya magurudumu, kuna gia mbili. Ndogo ni pinyo, inazungushwa na kardani. Kubwa ni kuruni, inayopeleka nguvu kwa magurudumu. Hesabu meno ya kubwa, gawanya kwa meno ya ndogo. Katika Toyota Hilux utakuta nyingi zenye meno 41 na 10, maana yake 4.1. Lakini ziko zenye 43 na 12, yaani 3.58, na zenye 41 na 9, yaani 4.56. Namba kubwa inapanda mlima na mzigo bila kulia, ila inakosa mbio. Namba ndogo inakimbia vizuri kwenye tambarare na inachoka kwenye mpando wa kutoka Baraka kwenda Fizi.

Kwetu ni wachache wanaobadili ponti kwa kupenda. Inavunjika njiani, fundi anatafuta nyingine katika mzoga wa gari, anapata yenye sura ileile, anafunga, gari inatembea. Wote wanamshukuru Mungu, na ni vizuri. Lakini meno hakuna aliyehesabu.

Katika magari mengi kompteri haihesabu magurudumu yenyewe. Inahesabu mizunguko ya mti unaotoka kwenye bwati ya vitesi, kabla nguvu haijafika kwenye ponti. Zile za Kijapani zenye kable zilifuata kanuni moja: kable izunguke mara 637 kwa kilometa moja. Zenye umeme zina kapteri inayotuma alama kwa kompyuta. Kompyuta haina macho ya kuona barabara. Kiwandani iliambiwa alama ngapi zinafanya kilometa, basi, inashika neno hilo mpaka mwisho.

Tuseme ponti ilikuwa 4.1 na sasa ni 3.58. Gari inakwenda 80 kwa saa, sindano inaonyesha 70. Shofere anadhani anapita kijijini kwa adabu, kumbe gari inahitaji karibu theluthi moja zaidi ya njia ili frena ziisimamishe. Watoto wetu wanacheza kandokando ya barabara hiyo. Na mafuta ya motere, ukingoja kompteri ifikishe 5,000, umekwisha kutembea kilometa 5,700.

Halafu kuna jambo linaloingia mpaka ndani ya nyumba. Kijana amepatana na mwenye gari: litre 12 za mazutu kwa kilometa 100. Kwa juma ametembea 400, ametumia litre 48. Kompteri inasema 350. Mwenye gari anapiga hesabu yake, anapata 42.

“Litre sita zimeenda wapi?”

“Papa, sikuuza hata kikombe kimoja.”

“Unaniona mimi mtoto?”

Kazi inakwisha hapo, na jina la mwizi linamfuata kijana mpaka Misisi. Kesi za mazutu zinafika hata mbele ya wazee wa kanisa. Mimi mchungaji nasema hivi: kabla ya kumtenga mtu na Meza ya Bwana kwa litre sita, kwanza mukahesabu meno ya ponti. Wanunuzi wa dhahabu wanajua mizani inavyogombanisha watu, na Mithali sura ya 11 inaanza na habari hiyohiyo ya mizani. Kompteri nayo ni mizani.

Ponti ya 4.56 inafanya kinyume: unakwenda 90, inaonyesha 100, na kilometa zinaongezeka bure. Hapo shofere mwenye ujanja anaweza kuficha mazutu, na mwenye gari hatajua.

Namna ya kupima si ngumu. Tia bwati katika nötre, ziba magurudumu mengine kwa mawe makubwa, inua gurudumu moja la nyuma, toa frena ya mkono. Mtu asiingie chini ya gari iliyosimama kwa jeki peke yake, tia gogo. Weka alama ya chaki kwenye kardani, zungusha gurudumu mara 20 kamili. Kardani ikizunguka 41, ponti ni 4.1. Ikizunguka karibu 36, ni ile ya 3.58. Njia nyingine ni simu yenye GPS, ambayo inasikiliza satelaiti na haiombi mega. Tembea kilometa 20 za GPS. Kompteri ikionyesha 17.5, gawanya 20 kwa 17.5, utapata 1.14. Andika namba hiyo kwenye karatasi, ibandike karibu na kompteri, na mwenye gari aione kwa macho yake.

Kutengeneza kabisa kunategemea gari. Ya kable, na nyingi ambazo kapteri yake inazungushwa na kagia kadogo ka plastiki, unabadili kagia hako kwa kengine chenye idadi nyingine ya meno. Kakikosekana, kuna kisanduku cha umeme kinachowekwa kati ya kapteri na kompyuta ili kusahihisha alama. Magari mengine, kama Jeep Wrangler za tangu 2007, yanataka mashine ya kuingia ndani ya kompyuta na kuandika namba mpya ya ponti pamoja na kipimo cha mipira. Ikiwa bwati ni otomatiki usichelewe, kwa maana kompyuta itabadili vitesi kwa wakati usiofaa. Na yule fundi anayekuambia “toa batri dakika kumi, itajifunza yenyewe,” mpe soda, lakini usimpe pesa. Kutoa batri hakuifundishi kompyuta meno ya ponti.

Gari ya kuvuta magurudumu yote manne ina sharti la zaidi: ponti ya mbele na ya nyuma ziwe na namba moja. Zikipishana, kwenye matope utelezi unaficha ugomvi. Ukifika kwenye njia kavu huku umefunga zote nne, kitu kitavunjika. Kwa hiyo ukipima ya nyuma, pima na ya mbele siku ileile.