Sinema za Manjano na Jicho la Shahidi

Ipo dhana iliyokita mizizi miongoni mwa walimu wetu kwamba sinema ya kutisha haina la kumfunza mwanafunzi ila kumkosesha usingizi. Wazazi wengi hapa Bulla Pesa wana msimamo uo huo. Mimi sikubaliani nao, na ushahidi wangu ni sinema za upelelezi wa kutisha zilizotengenezwa nchini Italia katika miaka ya 1960 na 1970.

Waitaliano huziita giallo, yaani manjano. Mnamo 1929 shirika la uchapishaji la Mondadori, mjini Milano, lilianza kutoa riwaya za upelelezi zenye majalada ya rangi hiyo. Rangi ya jalada ikawa jina la utanzu, na utanzu ukahamia kwenye sinema. Lisimshangaze hilo Mkenya, ambaye kila siku hupanda matatu bila kuyakumbuka yale mapeni matatu ya nauli yaliyolizaa jina hilo.

Katika sinema ya Mario Bava ya 1963, “La ragazza che sapeva troppo”, msichana Mmarekani mpenzi wa riwaya za upelelezi anashuhudia mauaji usiku jijini Roma, na wakubwa hawamsadiki. Dario Argento alilipeleka wazo hilo mbali zaidi mwaka 1970 katika “L’uccello dalle piume di cristallo”. Mwandishi mmoja ananaswa kati ya milango miwili ya vioo. Mbele yake, ndani ya ukumbi wa sanaa, watu wawili wanang’ang’aniana kisu. Hawezi kuingia wala kutoka, wala sauti haipiti. Ameona kila kitu, naam, lakini ameelewa nini? Sinema nzima ni jitihada zake za kuisoma upya kumbukumbu yake mwenyewe. (Muuaji simtaji, atakayeitazama atanishukuru.)

Sizitetei kwa kila hali. Wanawake huuawa humo kwa namna inayochukiza, na mazungumzo, ambayo aghalabu yalirekodiwa studioni baada ya picha kupigwa, mara nyingi ni makavu kama mbao.

Hata hivyo, msomaji wa Kiswahili hatajiona mgeni humo. Katika “Mzimu wa Watu wa Kale” cha Muhammed Said Abdulla, kilichotoka 1960, watu wanaposhuku mzimu, Bwana Msa hutafuta mkono wa binadamu. Faraji Katalambulla alifuata na “Simu ya Kifo” mwaka 1965. Hao nao walibezwa kuwa waandishi wa burudani tu, ilhali walimfundisha msomaji kupima ushahidi.

Na kupima ushahidi si anasa kwetu. Katika wilaya za wafugaji, neno la mtu mmoja anayedai kuwaona wezi wa mifugo laweza kuzitia jamii mbili vitani kabla ya jua kuchwa. Ndiyo maana ningependa mwalimu wa kidato cha nne aonyeshe tukio lile la milango ya vioo, ambalo halihitaji Kiitaliano. Mborana, Msomali, Mturukana na Mmeru waandike, kila mmoja peke yake, nani alikuwa ameshika kisu na nani alikuwa akijitetea. Kisha wabadilishane madaftari, wasomeane kwa sauti, ndipo mwalimu aionyeshe sinema yote hadi mwisho.