Meli Kubwa Haina Breki

Mkazi wa Gatina, katika Kawangware, Nairobi, huvuka barabara kila siku mbele ya matatu na malori, akitumaini kwamba dereva akimwona atakanyaga breki. Huenda siku moja akashuka pwani kutafuta kazi, akaingia katika mashua ya wavuvi. Hapo yampasa kuliacha tumaini hilo nchi kavu.

Baadhi ya meli ziingiazo Kilindini, bandari ya Mombasa, zina urefu wa zaidi ya meta 200. Nahodha akitaka kusimama huamuru mashini zirudi nyuma. Lakini meli kubwa iliyo katika mwendo wake wa bahari kuu huweza kusukumwa na uzito wake kilometa mbili au zaidi kabla ya kusimama. Wala penye mlango mwembamba haiwezi kukwepa mashua ipendavyo, kwa maana ikitoka penye kina itapanda mwamba.

Tena, huenda nahodha asiione mashua kabisa. Kwa sheria za mataifa, maji yanayofichwa na omo la meli kubwa yaweza kufika meta 500 mbele yake. Mashua ya mbao nayo huonekana kwa shida katika rada, hasa penye mawimbi.

Kwa sababu hizo, sheria za mwaka 1972 za kuzuia migongano baharini zaagiza kwamba chombo kisichofika urefu wa meta 20 kisiizuie meli ambayo haiwezi kupita salama ila ndani ya mlango mwembamba. Agizo hilo si la kumpendelea mwenye nguvu, bali huokoa maisha ya mnyonge.

Hatari hutambulikaje? Mwenye mashua ashike njia moja, aitazame meli kwa kuilinganisha na nguzo ya mashua yake. Ikiwa meli yazidi kukaribia bila kusogea upande wowote wa nguzo, hatari ya kugongana ipo. Akisikia milio mitano mifupi ya honi, ajue kwamba nahodha ana shaka naye. Aondoke njiani upesi.

Asikate mbele ya meli kamwe. Apite nyuma, tena mbali, kwa kuwa mawimbi yake hupindua mashua. Asitege nyavu wala kutia nanga katika njia ya meli. Usiku awe na taa nyeupe tayari, na kila abiria avae koti la kuokolea.

Tahadhari kabla ya hatari.