Roboti Inamsikiliza Nani?

Kuunganisha kompyuta na kidhibiti cha roboti ya kiwandani ni kazi nyepesi kuliko wengi wanavyodhani. Chukua roboti za Universal Robots, kampuni iliyoanzishwa mwaka 2005 huko Odense, Denmark. Unachomeka waya wa mtandao, unaipa kompyuta anwani ya IP inayoelewana na ile ya kidhibiti, kisha programu yako inabisha hodi kwenye mlango wa mtandao (port) namba 30002. Roboti ikiwa imewekwa katika hali ya kuongozwa kwa mbali, maandishi ya mstari mmoja yanayotaja pembe ya kila kiungo yanatosha, na mkono wa chuma unaondoka. Mlango huo hauulizi jina wala nenosiri. Kwa sababu hiyo, swali la kwanza la mwenye kiwanda lisiwe namna ya kuunganisha, bali nani apewe ruhusa ya kuamuru na nani aishie kusoma.

Kompyuta nyingi zinazofungwa kwenye roboti hazina haja yoyote ya kuisogeza. Zinataka kujua kiungo cha tatu kina joto gani, mizunguko mingapi imekamilika, mashine imesimama tangu saa ngapi. Watengenezaji wenyewe wanaijua tofauti hiyo: kando ya milango 30001 hadi 30003 inayopokea amri, roboti za Universal Robots zina mingine, 30011 hadi 30013, inayotoa taarifa bila kupokea amri. Hata hivyo mafundi wengi huandika programu moja ya kusoma na kuamuru kwa pamoja, kwa kuwa ndiyo rahisi, na kompyuta ya ofisini iliyokusudiwa kuchora grafu hujikuta na uwezo wa kuzungusha mkono wenye nguvu ya kuvunja mbavu. Urahisi wa namna hiyo haustahili kutetewa.

Kuna watakaosema mtandao wa kiwanda umejitenga na intaneti, kwa hiyo nani atafika huko? Mwaka 2017 watafiti wa Politecnico di Milano na kampuni ya Trend Micro walichunguza jambo hilo, wakakuta zaidi ya ruta 80,000 za viwandani zinaonekana kwenye intaneti, aghalabu zikiwa zimewekwa ili mkandarasi afanye matengenezo bila kusafiri. Na hata pasipo ruta, kuna kompyuta ya mkononi ya fundi, ambayo asubuhi iko kwenye Wi-Fi ya mtaani na mchana iko kwenye swichi ya kiwanda.

Wengine hutegemea kitufe chekundu cha dharura. Ni kweli kwamba kitufe hicho hakipaswi kutegemea programu ya kompyuta wala mtandao wa ofisi, na pasiwe na mzaha juu ya hilo. Lakini kitufe hubonyezwa na mtu aliyeona hatari. Watafiti hao hao waliingilia kidhibiti cha roboti ya kampuni ya ABB na kubadili vigezo vyake, ikawa inafanya kazi kwa upotofu mdogo ambao jicho la mwendeshaji haliuoni. Bidhaa inaharibika, na hakuna anayekimbilia kitufe. Hatari nyingine haihitaji hata mhalifu: waya ukichomoka katikati ya mwendo, roboti ifanye nini? Katika roboti za Universal Robots, mlango 30004, unaoweza kupeleka taarifa mara 500 kwa sekunde katika toleo la e-Series, una kipengele cha ulinzi kinachoifanya roboti isimame kompyuta inaponyamaza, ila ni lazima aliyeandika programu akiwashe. Wengi hawakiwashi, kwa sababu siku ya majaribio waya haukukatika.

Kwa hiyo anza na milango ya kusoma tu. Amri ziachie kompyuta moja inayojulikana, iliyo kwenye swichi yake, na ruta ya mkandarasi izimwe mpaka siku anapohitajika. Na kabla ya kukabidhiwa kazi, mwambie fundi auchomoe waya roboti ikiwa inatembea polepole, bila mtu karibu yake, mkiwa mnaitazama.