Je, Wajua? Koni Iliyokatwa na Njia ya Mirihi

Je, wajua kwamba yapata miaka 200 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, Myunani aitwaye Apollonius wa Perga alikaa akatafakari jinsi koni ikatwavyo mshazari, akazibainisha kwa burhani sifa za duaradufu itokeayo ukingoni mwa mkato huo, pasipo kutazamia faida yoyote ya dunia? Katika vitabu vyake vinane juu ya elimu hiyo, vinne vya awali vimesalia kwa Kiyunani. Cha tano, cha sita na cha saba vimetufikia kwa Kiarabu peke yake, na lau si wanazuoni wa Baghdad wa karne ya 9, vingalipotea kama kilivyopotea cha nane. Hata mwaka 1609 mwanafalaki Johannes Kepler, ambaye tofauti ya dakika 8 tu za pembe baina ya hesabu zake na mahali sayari ya Mirihi ilipoonekana angani (kitu ambacho mwingine angalikipuuza) ilikuwa imemkosesha raha, akatangaza kwamba Mirihi haizunguki jua katika duara, bali katika duaradufu. Na wahandisi warushao setilaiti leo huanza hesabu zao kwa umbo lilo hilo.