Safari ya Ziwa Turkana: Mama, Jipange Mapema

Je, jamaa yenu imewahi kuwaza kutembelea kaskazini mwa Kenya? Akina mama wengi tukisikia neno likizo huwaza Mombasa tu. Lakini kupita Isiolo na Marsabit kuna nchi pana yenye majangwa, milima na Ziwa Turkana, ambalo ndilo ziwa kubwa la kudumu duniani lililo jangwani. Hadi mwaka 1975 liliitwa Rudolf. Watoto wanaoliona hawalisahau.

Hata hivyo, huko si mahali pa kwenda kwa pupa. Sisi wauguzi tunajua kwamba ugonjwa unaotibika kwa urahisi mjini unaweza kuua mtoto akiwa mbali na hospitali. Kwa hiyo mama, kaa na mwenzako miezi mitatu kabla, mpange pamoja.

Njia na majira

Lami imefika Marsabit, zaidi ya kilomita 500 kutoka Nairobi. Wanaokwenda Loiyangalani, ukingoni mwa ziwa, huiacha lami Laisamis na kufuata barabara ya changarawe ya zaidi ya kilomita 200. Njiani mtaona mitambo 365 ya umeme wa upepo, ishara ya jinsi upepo wa huko ulivyo mkali.

Likizo ya Agosti inafaa kuliko Aprili au Novemba. Mvua ikinyesha, laga zilizokuwa kavu hujaa ghafula. Kamwe msivuke laga yenye maji, subirini yapungue. Nendeni magari mawili, mkiwa na magurudumu ya akiba, na mwulize polisi kuhusu usalama kabla ya kila hatua. Msisafiri usiku.

Nani abaki nyumbani?

Tunashauri mama mjamzito asiende. Joto, mtikisiko wa gari na malaria ni hatari kwake na kwa mtoto aliye tumboni. Mtoto mchanga naye abaki, pamoja na mama anayemnyonyesha. Mwenye kisukari, shinikizo la damu au pumu amwone daktari kwanza, kisha abebe dawa za kutosha siku zote na za ziada.

Maji ndiyo uhai

Upepo hukausha jasho, hivyo mtu hupungukiwa maji bila kujua. Pangeni lita 4 hadi 5 za kunywa kwa kila mtu mzima kwa siku, na akiba ndani ya gari. Msinywe maji ya ziwa. Yana magadi na madini mengi ya floridi, ambayo huharibu meno na mifupa ya watoto. Kuchemsha hakuyaondoi. Wala msiogelee, kwa maana mamba ni wengi.

Mtoto akihara au kutapika, mpe maji ya chumvi na sukari: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Mnyweshe kidogo kidogo. Macho yakididimia, asipokojoa au akilegea, mpelekeni hospitali mara moja.

Wadudu na nyoka

Kila mtu alale ndani ya chandarua, na mwulize daktari kuhusu dawa ya kuzuia malaria. Usiku vaeni nguo ndefu, wala msikae karibu na vichuguu. Huko huishi usubi anayeambukiza kala-azar. Mkirudi nyumbani, hata baada ya miezi kadhaa, homa isiyokwisha au tumbo kuvimba upande wa kushoto visipuuzwe. Mwambie daktari kwamba mlikuwa kaskazini.

Kung'uteni viatu kila asubuhi kwa sababu ya nge. Aliyeumwa na nyoka atulizwe, asitembee. Msimchanje, msinyonye jeraha, msimfunge kamba, mkimbizeni hospitali.

Heshima kwa wenyeji

Wael Molo, Waturkana, Wasamburu na Warendille ni wenyeji wenu, si maonyesho. Ombeni ruhusa kabla ya kupiga picha. Nunueni shanga na samaki kwa akina mama wa pale, kwa maana fedha hiyo hulisha watoto wao.

Mwisho, mwachie jirani au ndugu karatasi yenye njia yenu na siku ya kurudi. Msipofika siku hiyo, atajua pa kuanzia kuwatafuta. Ukijipanga hivi, mama, nawe utapata nafasi ya kupumzika pamoja na watoto wako.