Jinsi virusi vya Marburg vinavyozima king'ora cha seli

MWAKA wa 1980 ulipokuwa ukianza, Mfaransa aliyefanya kazi katika kiwanda cha sukari cha Nzoia, Bungoma, alizuru Pango la Kitum katika Mlima Elgon, safari fupi kutoka Kitale. Kabla ya Januari kwisha alikuwa amefariki jijini Nairobi, akivuja damu. Daktari aliyemhudumia aliambukizwa, akapona. Mwaka wa 1987, mvulana wa Denmark mwenye umri wa miaka 15 alifariki baada ya kuingia pango lilo hilo.

Kilichowaua ni virusi vya Marburg, vyenye jeni saba pekee. Binadamu ana takriban 20,000. Vipi basi kidudu duni hivyo kikamshinda mtu?

Karibu kila seli hubeba jeni zote za mwili, lakini huwasha zile tu inazohitaji, kama mwenye nyumba na taa zake. Ikinusa chembe za urithi za virusi, huwasha jeni ya interferoni. Hicho ndicho king'ora. Interferoni huzifikia seli jirani, nazo huwasha mamia ya jeni za ulinzi: baadhi hukatakata chembe za mvamizi, nyingine husimamisha utengenezaji wa protini ili asizaane.

Marburg huharibu mpango huo mara mbili. Protini yake iitwayo VP35 hufunika chembe zake za urithi zisinuswe. Na ikitokea kuwa interferoni imetolewa, protini nyingine, VP40, huzuia ujumbe wake usifike kwenye jeni. Majirani hulala fofofo.

Ya tatu ni ya ujanja zaidi. VP24 huwasha kwa makusudi jeni ambazo seli hutumia kujikinga na sumu. Huo si wema. Seli ikifa mapema, virusi hukosa karakana.

Mwili unapozinduka, virusi vimeshajaa. Seli za kinga humwaga kemikali za uvimbe kupita kiasi, mishipa ikaanza kuvuja.

Popo wa matunda hubeba virusi hivyo bila kuugua sana, na dalili zake zilipatikana katika popo aliyenaswa Kitum mwaka wa 2007. Kufikia mwaka wa 2025 hapakuwa na chanjo iliyoidhinishwa. Anayeshikwa na homa kali baada ya kuzuru mapango ya Elgon na amweleze daktari mapema alikokuwa, kwani siku za kwanza ugonjwa huu hufanana mno na malaria.